Mama Anarudia Hesabu

3 Septemba

Binti yangu,

Hujambo huko chuoni? Sisi wazima, isipokuwa mgongo wa baba yako, ambao huuma zaidi kukiwa na kazi.

Nimejiandikisha tena mtihani wa hesabu. Mkuu wa wauguzi kasema nikifaulu naacha kufagia wodi, naingia darasa la uuguzi. Nikishindwa safari hii, umri umenipita, basi tena. Na unajua mara zote mbili za mwanzo nilitoka chumba cha mtihani kabla ya kuandika chochote. Nikiiona ile karatasi moyo unanienda mbio.

Tazama hii: 3x + 7 = 22. Nimetoa 7, nikapata 3x = 22. Hapo nikakwama. Nisaidie, mwanangu, naogopa.

Mama yako

10 Septemba

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, ila baridi ya bweni inanitesa. Baba mwambie pole, na maji ateke hivyo hivyo.

Umetoa 7 upande mmoja tu. Kumbuka ulivyokuwa ukitugawia chakula mimi na kaka: ukimpunguzia mmoja, mpunguzie na mwenzake. 22 toa 7 ni 15, kwa hiyo 3x = 15. Gawanya pande zote kwa 3, x = 5. Sasa hakikisha: 3 mara 5 ni 15, ongeza 7, 22. Usiruke hatua, kila hatua ina alama zake.

Mwanao

18 Septemba

Marahaba, mwanangu. Vaa soksi.

Kaka yako nilikuwa namwongezea kisirisiri, labda ndiyo maana somo halikuniingia. Sasa limeingia. Ila hili la pembetatu: pembe zake ni 2x, x + 10 na 50, tafuta iliyo kubwa. Nimejumlisha zote ziwe 180. 3x + 60 = 180, 3x = 120, x = 40. Nikajibu 40, mwalimu wa masomo ya jioni akanikosesha. Kwa nini? Mtihani umekaribia.

Mama yako

23 Septemba

Mama, shikamoo. Soksi nimevaa.

Hatua zako zote safi. Ila uliulizwa pembe kubwa, ukajibu x. Sasa 2x ni 80, x + 10 ni 50, na ile nyingine 50. Kubwa ni 80. Soma swali tena kabla ya kuweka kalamu chini.

Hesabu unaziweza, Mama. Ninachohofia mimi ni ule mlango. Ukishikwa na woga usitafute jibu. Andika ulichopewa, kisha mstari mmoja chini yake.

Mwanao

14 Oktoba

Mama, shikamoo.

Mtihani umepita na barua sioni. Masomo hayaniingii. Ulitoka tena? Kama ulitoka niambie tu, sitakulaumu.

Mwanao

20 Oktoba

Marahaba, mwanangu. Baba yako anakusalimu, mgongo umepata nafuu.

Nisamehe, nilitaka nikuandikie na matokeo mkononi, nayo hayatoki. Siku ile nilipoiona karatasi niliutazama mlango. Nilisimama, nikaketi. Nikaandika nilichopewa. Mstari ukazaa mstari. Swali la duara sikulielewa na hata leo silielewi.

Huenda nimeshindwa, na nikishindwa nitalia sana, sikufichi. Lakini kengele ilipolia nilikuwa ningali naandika, mwanangu. Msimamizi alininyang'anya karatasi.

Mama yako