Kichupa Nilichokitikisa

Nesi wangu wa pekee,

Hujambo dada? Watoto hawajambo? Na shemeji, mgongo umemwachia, au bado anatembea kama anatafuta sindano iliyodondoka? Mimi mzima, ila moyo hautulii. Unanijua: nikiandika kwa mkono badala ya kupiga simu, kuna jambo.

Unaikumbuka friji yetu, ile ya kufunga mlango kwa kamba? Kwenye nafasi ya mayai ndipo ilikaa insulini ya mama. Kila asubuhi unaitoa wewe, unaisokota katikati ya viganja, taratibu, mara kumi, mpaka ule weupe uchanganyike, na mama anakuhimiza, nesi we, nachelewa. Mimi natazama tu, mikono inaniwasha! Mama aliapa kwamba mimi, Kiherehere wake, sigusi chupa yake mpaka niote ndevu.

Basi dada, duniani kuna mambo! Pale maabara niliingia kuosha vyupa, sivyo? Nikawa nasoma makaratasi yanayokuja ndani ya maboksi, neno nisilolijua nalitafuta kwenye simu. Bosi akanifuma, akacheka, akaniweka mezani nisaidie. Sasa sikia: kuna protini ya binadamu ambayo haikutoka kwa binadamu! Wanachukua maelekezo yake kutoka mwili wa mtu, wanayapachika kwenye bakteria, na kidudu kile bila habari kinawatengenezea. Inakuja unga kiduchu, chini ya kichupa kidogo kuliko kidole cha mwanao wa mwisho. Si dawa, imeandikwa kabisa ni ya utafiti tu. Sisi tunazipa seli unga huo tuone kama zitakua. Nikaambiwa insulini nayo siku hizi hutengenezwa kwa njia hiyohiyo. Weee! Nilikaa chini, nikamwona mama kapandisha mkono wa gauni, anasubiri sindano.

Kichupa cha mwisho tulikingoja miezi miwili. Bosi akaniachia nikiyeyushe. Karatasi ilisema tia maji, kiache kitulie, kisokote taratibu, usikitikise. Niliisoma kwa macho yangu haya! Halafu furaha ikanipanda, nikakitikisa kama mtoto na kayamba. Povu likajaa. Protini ukiitikisa hivyo inaharibika, nalijua hilo. Nikangoja povu lishuke, nikakirudisha kwenye barafu, nikanyamaza.

Aliyekitumia ni mzee tunayemwita Polepole, aliyenifundisha hata kushika pipeti, ule mrija wa kupimia matone. Akarudia mara tatu, seli hazikukua. Bosi akasema mikono ya mzee imechoka. Kuanzia Jumatatu yeye ndiye ataosha vyupa, mimi nikalie kiti chake. Mzee hakubisha. Alinikabidhi koti lake la kazini, kalifua, kalipiga pasi, akanitania kwamba nikiongeza shibe litanikaa.

Dada, uso ule nilishauona. Ni wako. Siku ile mama alipokuta chupa yake imejaa povu na chengachenga zimeganda kwenye kioo, akakufokea kwamba akili yako iko kwa wavulana, akakunyang'anya kazi, akanipa mimi. Hukubisha. Uliniketisha ukutani, ukanionyesha kusokota, ukanihesabia mpaka kumi.

Ile chupa niliitikisa mimi. Ulikuwa nje unanawa uso.

Tangu hapo hakuna aliyekuita nesi tena ila mimi. Wewe ulidhani ni utani. Na ile fomu ya chuo cha uuguzi uliyoificha chini ya godoro niliiona, nikaona pia hukuijaza. Mama katangulia, angalau wewe ungeambiwa mapema. Niliogopa. Na nilipenda ile kazi, dada, huo ndio ukweli wenyewe.

Wabusu watoto, na shemeji aache kubeba magunia, ujana umeshampita. Barua hii itakufikia Jumatatu ikiwa imepita, kwa hiyo jibu lako halitaniokoa. Nimeshaamua: nitasema mbele ya bosi, hata kama ni kurudi kwenye vyupa au nje ya geti. Koti liko hapa kwenye kiti, sijalivaa. La mzee naweza kulirudisha. Lako, Nesi, nalirudishaje? Ungekuwa mimi, ungefanyaje?

Mdogo wako asiyetulia,
Kiherehere