Maneno ya Kuhesabia ya Mzee Lau

Kirumba, Jumapili jioni, masika ya 1936

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa saba, na sasa jua la jioni limetoka linakausha kuku wa jirani. Ziwa limetulia. Mimi sijatulia. Leo nimepelekewa posa yangu rasmi, na nimeogopa kuliko siku ile kiboko alipotoka ziwani akapita mbele ya baraza tunaposhonea.

Niandike tangu mwanzo, kabla sijaanza kuipamba habari hii.

Mimi ni fundi cherehani, nashona barazani kwa Mhindi mmoja mjini. Ninayemtaka ni Sesilia, binti wa Mzee Lau, seremala anayetengeneza mitumbwi hapa ufukweni. Mzee Lau ni Mchina. Alifika zama za Mdachi akiwa kijana, akaoa Mkerewe, akabaki. Padre alimbatiza Yosefu kwa sababu ya useremala wake, ingawa hakuna anayemwita hivyo. Akisema Kiswahili anachanganya l na r, lakini kwa hilo hakuna aliyewahi kumwona mgeni, maana na sisi Wasukuma tunazichanganya vilevile.

Vuli ilipoanza nilimpelekea neno. Akajibu kwamba habari za ng'ombe zitazungumzwa baadaye. Yeye anataka kitu kimoja tu: anayemtaka binti yake ajue kuhesabu vitu vya nyumba yake kwa lugha yake. Kuhesabu tu, basi.

Nilicheka moyoni. Namba zenyewe nilizimeza upesi: yat, yi, sam, sei, mpaka kumi. Nikaanza kujishonea suti ya harusi.

Suti hiyo sasa inanibana.

Kumbe kwa Wachina huwezi kuchukua namba ukaibandika juu ya kitu hivi hivi. Katikati lazima pawe na neno la kuhesabia. Hata sisi tunayo kidogo maneno ya namna hiyo: mkungu wa ndizi, tita la kuni, mtungo wa samaki, doti ya kanga. Ila sisi tunajua pa kuishia. Wao kila kitu kina neno lake, hata kikiwa kimoja, hata kama hakijafungwa wala kutungwa. Samaki mmoja ana neno. Meza moja ina neno jingine. Mtu naye ana lake, na ukiwa unamheshimu ana jingine tena.

Samaki ni "tiu". Tiu ni neno la vitu virefu vinavyojinyoosha: samaki, kamba, nyoka, mto, barabara. Na suruali. Hapo nilikataa. Nimeshona suruali tangu ndevu hazijaota, najua ina miguu miwili. Mzee Lau alinitazama kwa huruma. "Ni ndefu, imelala, imenyooka," alisema. "Usibishane na sulali."

Meza, kitanda, karatasi na mkeka ni "cheung", kwa sababu vina uso mpana. Kisu, msumeno na mwavuli ni "pa", kwa sababu mkono unavishika. Yalinishika akili maneno hayo hata nikawa sioni tena kitu, naona neno lake tu. Natembea kwenda kazini huku barabara nzima naiita tiu. Mteja mwembamba akisimama nimpime, kichwani nasema tiu. Mke wa karani akija kushonewa gauni, nasema cheung, kisha naona aibu nampunguzia bei. Siku moja yule Mhindi aliniuliza ninanung'unika nini juu ya cherehani, nikamwambia nasali. Tangu hapo ananiheshimu sana.

Masomo yalikuwa kila jioni karakanani kwake, wote wawili kwenye benchi moja, maranda ya mbao yakitufika vifundo vya miguu. Katikati yetu bakuli la uji wa mchele wenye samaki, bakuli moja, vijiko viwili. Mwanzoni Mzee alikuwa mkali. Baadaye akaanza kucheka. Sauti ya Kichina hupanda na kushuka, na yangu ilikuwa inapanda mahali pa kushuka, nayo ikipanda haishuki tena. Majirani walidhani tunagombana, wakaja kutuamua. Walitukuta tumeshikana mabega tunalia kwa kicheko kwa sababu nilikuwa nimemhesabu paroko kwa neno la kuku.

Wakati mwingine alinisimulia habari za mto wa kwao na mama yake aliyefuga bata. Akifika mahali fulani hunyamaza, akachukua kijiko. Nilimpenda yule mzee. Naandika hivyo bila haya.

Tatizo ni kwamba maneno hayakwisha. Kila nilipomaliza fungu moja alileta jingine. Alileta neno la kuhesabia maua. Alileta la kuhesabia majengo makubwa, na hapa Kirumba jengo kubwa ni ghala la pamba tu. Alileta la kuhesabia farasi, na mimi farasi nimemwona kwenye picha. Nikimuuliza siku ya posa, jibu lilikuwa lile lile: "Bado kidogo, mwanangu." Krismasi ikapita. Jua kali likapita. Mvua zikarudi.

Juma lililopita Sesilia alinisimamisha njiani akitoka kuteka maji. Ndoo ilikuwa kichwani, hakuitua, na kwa jinsi alivyonitazama nilifurahi kwamba mikono yake ina kazi. "Petro," alisema, "unanioa mimi au unamwoa baba?"

Nikamwita mjomba.

Mjomba Masanja anachunga ng'ombe Kiseke, naye ndiye mshenga wangu. Leo amefika amelowa, koti limemganda mwilini, fimbo mkononi. Tukiwa njiani nilimweleza habari ya maneno ya kuhesabia ili asije akashtuka. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: ng'ombe wao nao wana neno lao? Nikamwambia wanalo. "Basi si watu wabaya," alisema, tukaendelea.

Kwa Mzee Lau tulikaribishwa barazani. Nikaamkia shikamoo, nikaitikiwa marahaba. Mama Sesilia alikaa ndani, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, mahali ambapo mwenye nyumba huonekana hayupo na kila neno humfikia. Mjomba akasema maneno yake ya mshenga, marefu, mazuri, yenye jogoo na kivuko na mbegu ya kuomba shambani. Mzee Lau alipoona yamekwisha akasema vema, lakini kwanza mtihani.

Akaanza kunyoosha kidole. Msumeno, nikajibu. Meza, nikajibu. Samaki waliokuwa juu ya chanja, mkeka, kamba ya nanga, kuku aliyekuwa anapita na shughuli zake. Yote nilipata, na sauti yangu leo ilipanda na kushuka kama inavyotakiwa. Mjomba alikuwa anatikisa kichwa kwa fahari utafikiri yeye ndiye aliyenifundisha. Mzee akanyoosha kidole juu: wingu. Nikapata. Akageukia jikoni: moshi. Nikapata, jasho likinitoka. Akatazama huku na huku, akaonyesha kivuli cha nguzo.

Kivuli sikujua.

"Unaona?" alisema Mzee, na nilimwona akipumua kama mtu aliyenusurika. "Bado kidogo."

Mjomba alikohoa. "Bwana Lau, tangu nizaliwe sijasikia mtu anadai mahari ya vivuli. Anayedai hivyo ana maana hatoi binti."

"Hatoi," ilijibu sauti kutoka nyuma ya mlango. "Anaogopa."

Mama Sesilia akatoka akijifuta mikono kwa kanga. Hakuonekana mwenye hasira, alionekana mtu aliyengoja sana. Akasema na mjomba, wala si nasi. "Shemeji, kwetu Ukerewe mkwe na baba mkwe hawakai benchi moja. Hawali bakuli moja. Hawatazamani usoni. Nilimwambia huyu bwana, siku Petro akiwa mkwe, masomo yamekwisha. Tangu nimwambie hivyo, maneno yake yameongezeka kama dagaa."

Mzee Lau aliokota kipande cha maranda kwenye goti lake, akakikunjua, kikakatika.

"Tangu nifike huku," alisema polepole, "lugha yangu nasema na mbao. Mbao hazijibu. Huyu anajibu. Anakosea, lakini anajibu."

Nilitaka kulia. Kumbe miezi yote hii nilidhani mimi ndiye ninayemwomba yeye kitu. Nikamtazama, naye akanitazama, tukatazamana hivyo hivyo usoni, jambo ambalo ndilo lililokuwa limekatazwa.

Lakini mjomba hayo hakuyasikia. Yeye alikuwa amebaki kwenye bakuli.

"Petro. Umekula bakuli moja na mkweo?"

Nikamwambia alikuwa hajawa mkwe bado.

"Mara moja?"

Nikamwambia tangu vuli.

Mjomba akavua kofia. Akaeleza kwa masikitiko kwamba mtu aliyekula nawe bakuli moja, mkacheka mkashikana mabega, huyo ni rafiki yako, na binti wa rafiki yako ni binti yako. Hapa hapana posa tena, pana ujamaa. Akaomba radhi kwa kuwapotezea watu Jumapili yao, akaichukua fimbo, akashuka barazani. Ndoa yangu nikaiona inaondoka ndani ya koti lililolowa. Mlangoni alikuwa amesimama Sesilia. Alivyonitazama sitaki kuandika.

Aliyetuokoa ni mama yake. Alimwita mjomba, akamrudisha, akamkalisha kwenye kiti kizuri zaidi ya kile cha kwanza. Akasema kosa kama hili lipo tangu zamani, na dawa yake ni mbuzi. Upande wetu utamleta, upande wao utampika, na wageni wote watakula isipokuwa wawili: mimi na Mzee Lau. Sisi tutakaa mbalimbali tukiwaangalia wenzetu wanavyokula. Hapo heshima itakuwa imerudi.

Mjomba akafikiri. Akauliza mbuzi mwenyewe awe wa ukubwa gani. Nikajua tumepona.

Baada ya hapo mazungumzo yalikwenda kama ya watu wengine wote, ng'ombe wakatajwa, wakapunguzwa, wakaongezwa, na harusi ikapangwa baada ya mavuno. Sesilia aliingia jikoni akaanza kuimba, naye kwa kawaida haimbi. Mimi nilikuwa na furaha kubwa, na ndani yake kitu kinaniuma. Mzee Lau kila alipoulizwa alikubali kwa kichwa tu, hata mjomba akaona haya kumshinda kirahisi namna ile.

Tulipokuwa tunaagana ndipo alipofungua kinywa. "Mama Sesilia. Kosa ni kutazamana?"

"Ndiyo."

"Na kusikiana?"

Mama Sesilia alimtazama mumewe kwa muda. Ameishi na mtu huyu miaka yote hiyo, na nadhani alikwisha kujua anakokwenda. "Kusikiana," alisema, "mimi sijasema kitu."

Mzee akanyanyuka bila kuaga mtu. Akabeba benchi lake mpaka ufukweni, palipokuwa na mtumbwi mkubwa umefudikizwa juu ya mawe ukingoja kukalafatiwa nyufa zake. Akaliweka upande wa ziwani, akaketi, akapotea kabisa nyuma ya mbao. Kisha akaniita nikae upande wa nchi kavu.

Mjomba aliuzunguka mtumbwi mara mbili, akikagua. Akainama kutazama kwa chini. Mwisho akakiri kwamba hatuonani, na kwamba kwa upande wa Kiseke hana la kusema. Mama Sesilia akaleta uji, safari hii mabakuli mawili. Langu lilikuwa dogo. Nadhani huo ndio ukwe wenyewe.

Nikaketi juu ya jiwe lenye maji, mgongo ukielekea nyumba, uso ukielekea mbao. Nilisikia kijiko chake upande wa pili. Nilisikia akimeza. Kisha akasema kama anavyosema kila jioni, "Na hiki?"

Nikajua amenyoosha kidole. Amezoea. Huenda alikuwa anaonyesha ndege, au kisiwa, au kiatu chake mwenyewe, na mimi mbele yangu kulikuwa na mtumbwi tu. Nikangoja akumbuke. Hakukumbuka. "Na hiki?" aliuliza tena, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi.

Basi nikautaja mtumbwi kwa Kichina chake, pamoja na neno lake la kuhesabia, kwa sababu ndicho kitu pekee tulichokuwa tunakiona wote wawili.

Nikamsikia akipenga kamasi.

"Sawasawa," alisema. "Kesho uwahi."