Siku Nilipoita Majina Uani

Kampemba, Lubumbashi

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe, Baba na wadogo zangu. Mguu wa Baba unaendeleaje? Na ndagala, wale samaki wadogo wabichi wa ziwani, wanapatikana sokoni Kalemie? Hapa tunakula wakavu, na kila nikisikia harufu yao nakumbuka jiko letu.

Kwenye simu nilikuambia tu kwamba niko mzima, kwa sababu watu wengi walikuwa wakinisikiliza. Acha sasa nikueleze vizuri.

Mchana ule nilikuwa nakula bukari ya mahindi, ugali wa huku, na Mama Mkubwa na watoto wake, sahani zikaanza kugongana. Huku wamezoea baruti za migodini, hivyo hakuna aliyeinuka.

"Beko banapasua mawe ku mine," alisema Mama Mkubwa. "Kuleni, bukari itapoa."

Lakini mimi ni mtoto wa Kalemie, ngurumo ile ya tetemeko chini ya miguu naijua. Niliona aibu kumpinga dada yako mezani kwake, nikamega tonge jingine. Kisha ukuta ukapasuka juu ya dirisha, tukakimbilia uani.

Vumbi lilikuwa jingi, majirani wanalia. Nikafanya kama ufanyavyo wewe: nikaita majina. Mimi, ambaye katika nyumba hii hata chumvi naiomba kwa kunong'ona. Carine akaitika. Trésor akaitika. Dodo, kitindamimba, kimya. Hakuna aliyekumbuka kwamba alikuwa ametoka mezani. Ndipo tukaona ukuta wa jirani umeangukia choo chetu. Mama Mkubwa akaanza kuondoa matofali kwa mikono. Nikaita tena, kwa sauti yangu yote.

"Niko huku," Dodo akajibu kutoka chooni. "Mulango inakatala."

Tulimtoa mweupe kwa vumbi, hana jeraha. Nyumba nyingi mtaani zimepata nyufa, nasi tunapikia nje. Kule Kamalondo ninakojifunza kushona, fundi amefunga karakana mpaka kuta zitazamwe.

Jioni Carine alinicheka. "Dada Pélagie, uliita hata bantu benye habako hapa."

Kumbe nilikuwa nimeendelea: Ruth, Junior, Mado. Wadogo zangu wote. Mama Mkubwa hakucheka.

"Beko kwabo," alisema. "Bataitika kule."

Nisalimie Bibi mzaa baba, shangazi anayeuza mkaa, na mama jirani aliyenisuka nilipokuwa najiandaa kusafiri. Na ardhi ikitikisika huko, Mama, ukiita majina usiliruke langu. Liite, nyamaza kidogo, kisha endelea. Nitakuwa nimeitika.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Pélagie