Nani Atashika Ufunguo wa Tanuri

KAMATI YA KUFUFUA KIWANDA CHA MIKATE
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA

Siku: Jumamosi, tarehe 14, mwezi wa nane
Mahali: Chumba cha kufungashia mikate, ndani ya kiwanda
Muda: Kiliitishwa saa tisa alasiri, kikaanza saa tisa na nusu baada ya mabenchi kupanguswa vumbi

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, dereva mstaafu wa gari la mikate
2. Katibu, aliyekuwa karani wa dirisha la kuuzia
3. Mweka hazina, muuza unga
4. Bibi Mwenye Jengo, mjane wa marehemu mwenye kiwanda
5. Mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, aliyekuwa msaidizi wa tanuri
6. Mwokaji wa zamani, maarufu kwa jina la Bwana Hamira
7. Fundi Baiskeli

WASIOHUDHURIA
Kwa taarifa: Kinyozi, aliyekuwa na bwana harusi wa kunyoa.
Bila taarifa: Mwenye duka la kona, ambaye wajumbe wote walimpita akiwa amekaa dukani kwake.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kueleza kwamba ni mara ya kwanza kamati kukutana ndani ya kiwanda tangu kifungwe miaka miwili iliyopita. Aliomba mtu yeyote asiegemee ukuta wa kushoto kwa sababu chokaa inabanduka. Fundi Baiskeli alikuwa ameshauegemea.

KUMB. NA. 2/6: YATOKANAYO NA KIKAO CHA TANO
Hoja ya mtaji ilimalizika katika kikao kilichopita. Fundi Baiskeli alijaribu kuifungua upya, akakumbushwa kwamba alipiga kura ya ndiyo. Alisema siku hiyo alikuwa na homa. Hoja haikufunguliwa.

KUMB. NA. 3/6: HALI YA KAZI MTAANI
Mweka hazina alieleza kwamba kiwanda kilipofungwa, watu walidhani wamepoteza mkate tu. Baadaye wapeleka mikate kwa baiskeli waliacha kazi, na fundi wa baiskeli akakosa wa kumtengenezea. Muuza chai wa stendi alihama. Vyumba vya kupanga vimebaki vitupu hadi panya wamepata nafasi ya kujitanua. Mkate wa sasa unatoka mbali kwa lori, na ukifika umeshachoka safari kuliko abiria.

Mwenyekiti aliongeza kwamba wapo watu wazima katika mtaa huu wanaoamka kila asubuhi, wakapiga pasi shati, kisha wakaenda kukaa kwenye ngazi za nyumba zao. Alisema mmoja wao ni mdogo wake.

KUMB. NA. 4/6: OMBI LA MFANYABIASHARA WA SARUJI
Mwenyekiti aliarifu kwamba mfanyabiashara wa saruji anataka kupanga jengo lote liwe ghala, na anataka jibu Jumatatu.

Fundi Baiskeli aliunga mkono ombi hilo. Alisema ghala litahitaji walinzi na wapakuaji, na kazi mbovu iliyopo ni bora kuliko kazi nzuri inayosubiriwa. "Tumbo halijui neno mchakato," alisema. Katibu aliagizwa kuyaandika maneno hayo kama yalivyo, kwa kuwa yana ukweli ndani yake.

Mweka hazina alipinga. Alisema saruji haileti foleni asubuhi. Mtu ananunua mfuko mmoja anajenga ukuta, hamuonani tena mpaka ukuta uanguke. Mkate unaliwa leo, na kesho watu wana njaa tena. Fundi Baiskeli alimuuliza kama anasema hivyo kwa ajili ya mtaa au kwa ajili ya unga wake. Mweka hazina alijibu kwamba ni kwa ajili ya vyote viwili na haoni aibu. Fundi Baiskeli alitamka neno. Katibu aliambiwa asiliandike, na halikuandikwa.

Bibi Mwenye Jengo alisema wanaume wanagombea nyumba ambayo hawajamuuliza mwenyewe. Mwenyekiti aliomba radhi kwa niaba ya wote.

KUMB. NA. 5/6: USIMAMIZI WA TANURI
Bibi Mwenye Jengo alieleza kwamba hataki saruji. Amechoka kupita mlango wa mumewe umefungwa. Jengo atalitoa kwa kamati, ila kwa sharti moja. "Ufunguo wa chumba cha tanuri sitauweka tena mkononi mwa mtu anayeweza kuondoka nao," alisema. "Atashika mkwe wangu."

Wajumbe walimtazama Bwana Hamira. Kwa faida ya wasiojua, inaandikwa hapa kwamba Bwana Hamira alioka katika kiwanda hiki tangu ujana wake, na kwamba aliacha kazi akaenda kuoka mji mwingine wakati mwenye kiwanda amelala kitandani mgonjwa. Tanuri lilizimika muda mfupi baadaye. Kwenye mazishi hakuonekana.

Bwana Hamira alisimama. Alisema, "Huyu binti nimemfundisha mimi kutofautisha unga na chokaa. Leo nimwombe ruhusa ya kuwasha moto?"

Bibi Mwenye Jengo alijibu, "Ndiyo. Na useme tafadhali."

Kulitokea kicheko. Mwenyekiti alipiga meza, vumbi likaruka, kikao kikasimama kwa muda ili watu wapige chafya.

Kikao kilipoendelea, Bwana Hamira alieleza kwamba siku za ugonjwa wa marehemu alikuwa akiingia chumbani kila asubuhi kumwonyesha mkate wa kwanza, kama walivyozoea. Siku moja marehemu aliunusa akasema hausikii harufu. Bwana Hamira alisema siku ile alitoka, akafunga mizigo, hakuaga. Habari za msiba zilimkuta mbali. "Niliona aibu kurudi," alisema. "Na aibu ukiiacha sana inaota mizizi."

Bibi Mwenye Jengo alisema, "Mimi nilikuwa namnusia. Mimi sikufunga mizigo."

Hapo Mkwe aliomba nafasi. Alisema tangu kikao kianze anagawanywa kama mkate na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Mwenyekiti alimuuliza kama anataka. Alijibu kwamba anataka sana, ila na yeye ana masharti. Kwanza, akiwa msimamizi, asisikie mtu akisema wanawake wakae kwenye kufungasha tu kwa sababu eti hawawezi joto. (Hapa alimtazama Bwana Hamira, ambaye alitazama dari.) Pili, kazi ya tanuri huanza alfajiri na yeye ana mtoto anayenyonya.

Bibi Mwenye Jengo alisema mtoto atalala kwake. Mkwe alisema, "Mama, analia." Bibi Mwenye Jengo alisema, "Baba yake alilia zaidi na nilimlea humuhumu, juu ya magunia."

Bwana Hamira alisema anawatakia kazi njema, akachukua koti lake, akatoka.

KUMB. NA. 6/6: KURA
Mwenyekiti alieleza kwamba kikao bado kina akidi na akaitisha kura. Wajumbe wote waliobaki, akiwemo Fundi Baiskeli, walikubali jengo litumike kwa mikate na Mkwe awe msimamizi wa tanuri. Fundi Baiskeli aliomba iandikwe kwamba amekubali kwa moyo mzito. Imeandikwa.

Mwenyekiti alikabidhiwa kazi ya kumjibu mfanyabiashara wa saruji, kwa adabu.

Mweka hazina alisema furaha yake ina shimo, kwa sababu tanuri hili wanalijua watu wawili tu na mmoja ameshavuka barabara. Bibi Mwenye Jengo alitoa ufunguo kwenye fundo la kanga akauweka mezani. Mkwe aliuchukua, akaomba ruhusa, akatoka mbio.

KUMB. NA. 7/6: YALIYOTOKEA NJE
Katibu, ambaye benchi lake liko dirishani, aliagizwa na Mwenyekiti kueleza anachokiona. Alieleza kwamba Mkwe amemfikia Bwana Hamira kwenye nguzo ya taa na wamesimama wakizungumza. Mwenyekiti alisema kamati haina desturi ya kusikiliza mazungumzo ya watu, kisha akaagiza dirisha lifunguliwe.

Mkwe alisikika akisema, "Mzee, mimi naweza kuoka. Lakini tanuri lililolala baridi miaka miwili sijui kuliamsha. Hukunifundisha."

Bwana Hamira alisema, "Sikukufundisha kwa sababu halikuwahi kulala."

Kisha akamuuliza, "Ulitaka kuanzaje?" Mkwe alisema angejaza kuni. Bwana Hamira alishika kichwa, akasema matofali yamekunywa maji ya mvua mbili, akilipiga moto mkubwa litapasuka katikati kama tikiti; linataka moto wa vijiti tu, mchana na usiku, siku kadhaa, kama unavyomrudisha mgonjwa kwenye chakula. Mkwe alisema, "Basi njoo unionyeshe. Tafadhali."

Wajumbe waliona Bwana Hamira akicheka. Alisema, "Neno hilo niliambiwa niseme mimi." Walirudi wote wawili wakapita moja kwa moja hadi chumba cha tanuri. Katika kupita, Bwana Hamira alisimama mlangoni pa kikao na kusema, "Katibu, andika. Mimi ni mwokaji, chini ya msimamizi." Aliacha koti juu ya benchi. Bibi Mwenye Jengo alilikung'uta vumbi, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akakaa. Mwenyekiti alimuuliza kama hali ni nzuri. Alisema ni vumbi tu.

KUMB. NA. 8/6: MENGINEYO
Wajumbe walikuwa wakijadili ukarabati wa paa wakati moshi ulipoanza kutoka kwenye dohani. Mwanzoni ulirudi ndani, kikao kikakohoa, kisha ukapata njia.

Watu walianza kukusanyika mlangoni. Mwenyekiti alitoka kuwatangazia kwamba huo ni moto wa kukaushia tu, mkate haupo leo wala kesho, warudi majumbani. Hakuna aliyerudi. Mwenye duka la kona naye alifika, akasema alikuwa njiani kuja kikaoni.

Mama mmoja asiyefahamika na kamati alipenya hadi mbele. Mwenyekiti alirudia kumwambia kwamba hakuna mkate. Alijibu, "Sijaja kununua, baba. Nimekuja kuuliza kama mnaajiri."

Mwenyekiti aligeuka kumtafuta wa kumjibu. Mkwe alikuwa ametoka na masizi hadi kwenye nyusi. Alimtazama mama yule mikono, akasema, "Njoo Jumatatu. Uje na nguo unayoweza kuichafua."

KUMB. NA. 9/6: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilihesabika kimefungwa saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Hapakutolewa hoja ya kufunga, kwa kuwa wajumbe wote walikuwa wameshatoka nje kutazama moshi.

Tumesoma na kukubali kwamba ndivyo ilivyokuwa:

.................................
MWENYEKITI

.................................
KATIBU