Usizipike Mbaazi za Mama

Mke wangu Mama Zainabu,

Pokea salamu zangu kutoka huku Lindi. Goti linakusumbua bado, au ile dawa ya majani imelituliza? Mimi mzima kabisa, vijana wa shamba hili la majaribio hawanifikii kwa jembe. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Simu ninayo, lakini ukikasirika unaikata. Barua haikatiki.

Zainabu kaniambia umeapa nisiporudi mwezi huu utakiteremsha kile kibuyu cha mbegu kinachoning'inia juu ya moshi wa jiko, upike mbaazi za marehemu mama. Ngoja kwanza. Hapo Mitole zimebaki hizo tu. Nene, tamu, lakini zinachelewa, mvua ikikatika zinakauka na maua yake. Za huku zinawahi, ila hazina ladha. Ndiyo maana nataka kuziozesha, za kwetu na za huku.

Msimu uliopita nilikwambia nimeshaweza. Nilichagua maua ya huku yaliyofunguka vizuri, nikayapaka unga wa ua la kwetu, mbegu zake nikazipanda. Zilipochanua, maua yote manjano kama ya mama yao, hakuna hata moja lenye wekundu wa kwetu. Yohana, Mmakonde ninayelima naye, akapaza sauti shamba zima, "Mzee fundi! Watoto mbona hawafanani nawe?"

Binti mmoja, mtaalamu wa mbegu wa hapa shambani, akaniita. "Babu, ulifika harusi imekwisha." Akapasua tumba lililofunga bado, akanipa kioo cha kukuzia. Nimeona, Mama Zainabu. Kipande kimoja cha ua kimewafunika wenzake kama shuka, viwili vya ubavuni, viwili vya chini vimeshikana kama mtumbwi. Ndani ya mtumbwi wanaume kumi wamemzunguka mwanamke mmoja, na huyo mwanamke ndiye ganda la mbaazi, jembamba kama uzi. Wanaoana humo humo kabla ua halijafunguka. Mimi nilikuwa nabisha hodi kwa wenye ndoa yao!

Akasema mkwaju, kunde na mbaazi ni ukoo mmoja. Nikabisha. "Ua la mkwaju liko wazi, undugu gani?"

"Babu, tazama matunda."

Nikatazama ganda la mkwaju, nikatazama la mbaazi. Umbo ni moja. Anasema babu yao mmoja, ila zamani sana upande wa mbaazi ukaanza kujifunika, kidogo kidogo, aingie nyuki mwenye nguvu tu. Nimekubali kwa sababu nimeona, si kwa sababu kasema yeye.

Sasa nawatoa wanaume tumba likiwa limefunga, kisha nampaka mwanamke unga wa ua la kwetu. Yohana mwenyewe kajaribu, kaharibu yote. Ila mbegu niliyokuja nayo imekwisha. Bila kibuyu kile sina bwana harusi. Najua umechoka kuwafukuza ngedere peke yako. Lakini sirudi mpaka nione wekundu wetu kwenye mbaazi inayowahi.

Basi fanya hivi. Asubuhi nenda kwenye kunde zako za uani, ni ndugu. Chuma tumba lililofunga, lipasue taratibu kwa ukucha. Utaukuta mtumbwi, na ndani yake ganda changa lishaanza, hakuna aliyeliona. Ukishaliona, kama bado una moyo wa kubandika sufuria, bandika. Kama huna, mpe kibuyu shemeji yako Hamisi anayekuja huku Ijumaa, akipakate asikiweke chini.

Dada yangu mkubwa mpe shikamoo yangu. Zainabu na wanawe nawasalimu. Na yule jirani anayesema nimezeeka, msalimie sana.

Mimi mumeo,
Baba Zainabu