Kufuli ya Buyenzi

Bujumbura, 1997

Kaka Shakuru,

Salamu zako toka Kigoma zimefika. Sisi wazima, mama anakohoa kidogo tu.

Unaniambia nivumilie huku Kajaga, nje ya mji, eti nyumba yako ya Buyenzi, karibu na soko, inamungoja muke utakayemuoa. Muke gani? Kila jioni nafunga cherehani sokoni, nakimbia kabla askari hawajafunga barabara. Jumatatu risasi zililia njiani. Khadidja, mwenzangu wa kushona, alianguka mbele yangu. Hakuamka.

Apana, Kaka! Fundi Atumani amekata kufuli yako. Wazee wamesoma Yasini sebuleni, mutaa muzima umekula pilau. Mi na mama tumeshahamia.

Ukitaka kututoa, njoo mwenyewe. Lakini upite ile njia ya Kajaga, kwa miguu, jioni.

Dada yako,
Asiya