Mwano Nilioupiga Mwaloni

Baba Kabula,

Leo nimevuka. Nipo kisiwani, nimekaa kando ya mawe ya kaburi lako, karatasi ipo magotini. Mwandiko utausamehe, darasa la nne halikunifikisha mbali, na viganja vimechubuka kwa kupiga kasia.

Kabula yu hai. Nianze na hilo, maana uliondoka hujui. Anakimbia sasa, na ubishi wako ameshauanza.

Mahema ya watalii yamerudi hapa kisiwani. Yule mwenye kambi, aliyekuja serikali ilipofungulia watu binafsi biashara, alinitumia ujumbe Bariadi kwa mayu, mama yangu mzazi: wageni wa Serengeti wameanza tena kuja kutazama ndege, mpishi anatakiwa. Nikakumbuka ulivyokuwa unacheka, "Watu wanapanda eropleni kuja kumwangalia mnandi, na sisi tunamfukuza na mawe kwenye dagaa." Kipindupindu kilipoingia, wageni ndio waliotangulia kuondoka. Mahema yakakunjwa. Dagaa wetu wakakataliwa ng'ambo, na kijiji cha mwaloni, kule bara tunakoshushia samaki, kikaamua kuwa mtumbwi wa kisiwani usitie nanga kwao. Tulichemsha maji, tukala mihogo, tukazika.

Kisha Kabula akaanza kuharisha maji meupe kama ya mchele.

Mtumbwini, tukimvusha kwenda zahanati ya mwaloni, uliniambia, "Tukifika, nyamaza. Mimi ndiye nitakayeongea." Ulirudia mara mbili. Lakini nilipoona macho ya mtoto yamegeuka, nikasimama majini nikapiga mwano, lile yowe letu la ng'ombe kuibwa. Nilitaka watu wa kunisaidia kubeba. Mimi, msichana wa Kisukuma, nikasahau kwamba mwano hauji na machela. Unakuja na fimbo, mapanga na mishale.

Walitoka mbio kwenye mashamba ya pamba. Walikuwa wanamtafuta mwizi. Walipouona mtumbwi wetu hasira ikawa maradufu, wakasema tumewaletea kifo. Jiwe la kwanza lilikupata mdomoni, hata salamu hukumaliza. Uliinua mikono. Fimbo ikavunja mmoja, nikausikia, kama bua kavu la mtama. Ukaanguka, wakakufuata majini, wakakupiga mpaka povu la ziwa likawa jekundu. Mmoja alinikaba koo. Nilimng'ata mkono hadi meno yakagusa mfupa, sikumwachia mpaka aliponipiga teke la tumbo. Nesi wa zahanati alipita katikati ya mawe, akaninyang'anya Kabula, akakimbia naye. Yeye peke yake ndiye aliyekumbuka kuwa kuna mgonjwa.

Mwaka mzima nimekaa Bariadi nikiwaambia watu kwamba waliokuua ni wa mwaloni. Sikusema ni nani aliyewaita.

Leo asubuhi mtumbwi wa kambi ulikuwa unaningoja mwaloni, na mpiga kasia ana kovu la meno mkononi. Alinijua, nami nilimjua. Nikapanda. Kabula mgongoni, kasia lako nililolitunza mikononi, kisogo chake mbele yangu, karibu kabisa. Katikati ya ziwa nililiinua. Sikufichi, nililiinua juu ya kichwa chake. Akasikia maji yakichuruzika kwenye kasia, hakugeuka. Akasema tu, "Tulisikia mwano, mayu."

Sijui lilikaa juu muda gani. Kabula akanivuta nywele, anataka uji. Nikalishusha majini, nikavuta. Sijamsamehe, Baba Kabula. Tulivuka tu.

Kabla sijashuka nikamwambia: kuanzia sasa, mgonjwa wa kisiwani hapigiwi mwano. Tutapandisha kitenge chekundu kwenye mti mrefu wa kambi, na ninyi mkikiona mje na machela na nesi, mikono mitupu. Akaniuliza, je, walinzi wenzake wa sungusungu wakikataa? Nikamjibu, "Nitakaa mwaloni kila siku ya gulio mpaka wakubali, na kila anayepita nitamwonyesha huo mkono wako wenye kovu." Akalitazama lile kovu, akalifunika kwa shati.

Kitenge chenyewe ni kile nilichombebea mtoto siku ile. Nimekifua mara nyingi, damu yako haijatoka yote, ila kwenye nyekundu haionekani. Kesho nakipandisha, wote wa ng'ambo wakione na wakizoee.

Wageni wanafika keshokutwa. Nitawapikia dagaa wa nazi ulivyokuwa unawapenda, na nitawaambia wasikanyage mawe yako.

Lala sasa, mume wangu. Uliniambia ninyamaze, nami nimenyamaza pale ambapo haikutakiwa. Nakuahidi siku ya gulio nitasimama mbele ya watu wa mwaloni, na kabla ya kuwaeleza habari ya kitenge, nitawaambia aliyepiga mwano ni mimi.

Mimi wako,
Mama Kabula